Macho Yaliyoiacha Nukta

Simu ya Koplo iliingia saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kabla hajaipokea, Inspekta alishahisi kwamba kazi ya saa tatu nzima imekwenda bure.

“Afande, huyu kijana tumwache,” Koplo alisema. “Hayuko na baba yake wala hajui alipo.”

“Una hakika gani?”

“Nimemkuta gereji, yuko chini ya lori tangu saa moja asubuhi. Fundi mkuu wake, wenzake wanne, hata mama anayewauzia chai, wote wanasema hajatoka. Nilipomwambia baba yake amepotea aliinuka kwa pupa akasahau kuna lori juu yake. Ana nundu usoni kama limau.”

“Na yule mzee aliyepanda teksi getini?”

“Naye nimempata, nimetoka kwake sasa hivi. Alikuja kung’olewa jino. Yuko nyumbani anakunywa uji, kijana aliyemshika mkono ni mjukuu wake.”

Inspekta alikata simu bila kuaga, jambo ambalo Koplo, mtu mzima mwenye mvi zake na adabu zake, angelilalamikia kesho. Leo hakukuwa na nafasi ya adabu. Mshona viatu mstaafu wa miaka sabini na moja, mgonjwa, alikuwa ameingia hospitalini asubuhi na hakuonekana tena.

Binti yake alimfikisha saa tatu kwenye mlango wa chumba cha kupimia macho, akakimbilia kazini. Aliporudi saa tano na nusu, mpimaji alimwambia mzee ameshapimwa na ameondoka mwenyewe saa nne na kitu. Mlinzi wa getini naye akaapa kwamba saa nne na robo aliona mzee mfupi mwenye kofia akiingizwa kwenye teksi na kijana. Tena wiki iliyopita kaka wa yule binti alisimama mbele ya ndugu wote akasema atamtoa baba yake katika utafiti wa hospitali hii watake wasitake, kwa sababu baba si panya wa kufanyiwa majaribio. Basi nani angetafuta mbali? Tangu saa sita polisi walimkimbiza kaka mji mzima, kumbe kaka kalala chini ya lori.

Kituoni Inspekta, mwanamke asiyechoka, walimwita Kupe, kwa kuwa aking’ang’ania kitu hang’oki. Yeye alijifanya halijui jina hilo. Lakini leo alikuwa ameng’ang’ania ngozi isiyokuwa yake, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyopenda kukiri.

Binti alikuwa benchini nje ya idara ya mishipa ya fahamu na ubongo, ameshika kikopo cha dawa za baba yake. Za saa sita zilikuwa bado zimo. Alisimama mara tu alipomwona Inspekta.

“Mama, wamempata kaka?”

“Wamempata. Baba hayuko naye.”

Binti alikaa tena, taratibu. “Basi niambie ukweli, mama. Baba yangu bado yuko hai?”

“Sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia.” Inspekta aliinama, uso wake ukawa sawa na wa binti. “Ana urefu gani?”

“Mfupi. Ananifika hapa.” Aliugusa mdomo wake, na yeye mwenyewe hakuwa mrefu. “Mgongo umempinda tangu zamani, kwa ile kazi ya kuinamia viatu. Sasa huu ugonjwa unamrudisha nyuma. Anasema hata maradhi yana masihara.”

Alijaribu kucheka ikashindikana.

Daktari bingwa alitoka wodini akiwa bado anavaa koti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na leo hata hayo machache yalimtoka kwa shida.

“Dokta, nieleze tena ugonjwa wake,” Inspekta alisema. “Kama unamweleza mtoto.”

“Uko ubongoni. Unakaza shingo na unafunga macho yasizunguke. Mbele anaona vizuri. Juu anaweza kidogo. Chini hawezi kabisa. Ukimwekea sahani mezani haioni mpaka uinyanyue. Na shingo inamvuta nyuma, kwa hiyo anatembea kidevu juu, kama mtu anayehesabu taa za dari. Wagonjwa hawa huanguka sana.”

“Kama ameanguka mahali, ana muda gani?”

Daktari alimtupia binti jicho, akashusha sauti. “Ameanza kupaliwa hata na mate yake. Akilala chali bila mtu wa kumgeuza, Inspekta, mimi nisingesubiri jua lizame.”

Inspekta alitazama saa. Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, akarudi kwa mtu wa mwisho kumwona mzee.

Hospitali hii ilikuwa na utaratibu wake. Sakafuni walichora mistari ya rangi ili watu wasipotee. Mwekundu ulikwenda getini, wa njano maabara na vyumba vya vipimo, wa bluu vyooni. Alifuata wa njano hadi mwisho wa korido, akabisha.

Mpimaji alikuwa kijana mrefu kama mlingoti, mtu wa kuinamia milango. Alikuwa peke yake, amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha limefunikwa pazia jeusi. Kulikuwa na kiti cha chuma, na mbele yake fremu yenye kiegemeo cha kidevu na ukanda wa kushika paji la uso. Mbele zaidi, kamera ndogo na skrini.

“Afande, nimeshaeleza kila kitu mara mbili,” mpimaji alisema.

“Ndiyo. Sasa nipime.”

“Wewe? Lakini huumwi.”

“Nipime kama ulivyompima mzee. Usiruke hata hatua moja.”

Kijana aliwasha mashine. Inspekta akakaa, akasogeza uso. Kiegemeo kilimfika puani.

“Samahani,” mpimaji alisema haraka. Alilegeza skrubu, akakishusha karibu shubiri nzima, akakaza.

Inspekta aliweka kidevu chake pale, ubaridi wa chuma ukampanda hadi masikioni. “Tangu mzee atoke, nani mwingine amekalia kiti hiki?”

“Hakuna. Nilizima mashine mpaka sasa hivi.”

“Na kabla yake?”

“Mimi mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mpimaji anajipima. Tunahakikisha mashine haisemi uongo. Ndiyo kanuni yetu.”

“Kanuni nzuri. Ukajipima, halafu akaja mzee, ukamshushia kiegemeo.”

“Ndiyo.”

“Halafu nani amekipandisha?”

Mikono ya mpimaji ilisimama juu ya kibodi. “Huwa nakipandisha ninapofanya usafi.”

“Sawa,” Inspekta alisema, kwa upole ambao Koplo angekuwepo angeuogopa. “Tuendelee.”

Mpimaji alimfunga mkanda kichwani, wenye kidude kidogo cha kupima jinsi kichwa kinavyoinama na kugeuka. Akazima taa. Nukta nyeupe ikatokea kwenye skrini. “Fuata nukta kwa macho tu.” Nukta ilikwenda kulia, ikarudi, ikapanda, ikashuka hadi ukingoni. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, ila baada ya dakika mbili Inspekta alitoka jasho la kwapa, kwa kuwa jicho ni mtoto mtundu. Ukilikataza kutazama pembeni ndipo linapotaka.

“Inatosha. Nionyeshe nilichofanya.”

Grafu ilijaza skrini. Mstari mweusi ulikuwa wa nukta, wa kijani wa jicho, wa zambarau wa kichwa. Jicho la Inspekta lilishuka nukta iliposhuka, likapanda ilipopanda.

“Sasa ya mzee.”

“Hizo ni siri za mgonjwa, Afande.”

“Mgonjwa mwenyewe ndiye siri ninayoitafuta. Fungua.”

Alifungua. Juu ya grafu paliandikwa namba ya mzee na saa, kuanzia saa nne kasoro dakika nane hadi saa nne na dakika sita. Inspekta alisogea. Hakuwa daktari. Lakini mtu hahitaji kuwa daktari kuona kwamba mstari wa kijani ulikuwa ukishuka chini pamoja na nukta, chini kabisa, bila taabu, mara kumi na mbili.

Alifungua mlango akamwita Daktari. Daktari aliangalia skrini kwa muda usiozidi pumzi mbili.

“Haya si macho ya mgonjwa wangu.”

“Pengine leo ameamka na nafuu,” mpimaji alisema.

“Nafuu?” Daktari alimgeukia. “Tangu lini? Mimi nimetibu ugonjwa huu miaka kumi na tisa, sijaiona hiyo nafuu!”

“Tuwekee na ile uliyojipima mwenyewe asubuhi,” Inspekta alisema. “Ubavuni mwa hii.”

Kijana alisita. Daktari alimsogeza kwa kiwiko, akaifungua mwenyewe. Grafu mbili zikakaa pamoja. Kila nukta iliposhuka, jicho la kwanza lilipitiliza kidogo, likarudi. La pili lilifanya hivyohivyo. Kichwa cha kwanza kiliegemea kulia kwa nyuzi tatu, cha pili nyuzi tatu. Lilikuwa jicho moja na kichwa kimoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Mpimaji aliketi kwenye kile kiti cha wagonjwa, miguu yake mirefu ikakosa pa kwenda.

“Hukumpima,” Inspekta alisema.

“Sikumpima.”

“Ilikuwaje?”

“Aliomba kwenda choo. Nilikuwa kwenye simu. Nikamwelekeza, akatoka. Nikasubiri nusu saa, hakurudi. Nikadhani amechoka na vipimo ameenda zake, wagonjwa hufanya hivyo. Dokta alishanionya kwa wagonjwa wawili waliopotea kwenye utafiti. Akasema wa tatu akikosekana, nitafute kazi nyingine. Basi nikakaa mimi. Nikaweka namba yake.” Alijifuta uso. “Binti yake alipokuja nilikuwa nimeshaituma grafu. Ningesemaje?”

“Ungesema hivi unavyosema sasa!” Daktari alipaza sauti. “Saa nne zilizopita!”

Inspekta aliinua mkono. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, lakini hasira isingemleta mzee. Macho yake yalikuwa bado kwenye zile grafu. Zilifanana kama mapacha, isipokuwa mahali patatu.

“Dokta, hapa pana nini? Na hapa? Na hapa?”

Daktari alisogea. Kwenye dakika ya tatu ya grafu ya uongo, nukta ikiwa imetulia katikati, mstari wa jicho uliruka ghafla kushoto ukarejea. Mstari wa kichwa uliufuata kidogo. Ilitokea tena dakika ya tano, na tena dakika ya tisa. Katika grafu ya asubuhi hapakuwa na kitu cha namna hiyo.

“Jicho limeiacha nukta,” Daktari alisema polepole. “Limekwenda kushoto, na kichwa nacho kikataka kwenda.”

“Mtu anayeijua kazi hii, anayewaambia wengine wasiondoe macho kwenye nukta, anafanya hivyo kwa nini?”

“Sauti. Ikitokea sauti ya ghafla, jicho huigeukia kabla mtu hajaamua. Huwezi kulizuia.”

Wote wawili walitazama kushoto mwa kiti. Palikuwa na ukuta mtupu, umepakwa rangi ya krimu.

Inspekta alimkazia macho mpimaji. “Ulisikia nini?”

“Kugonga tu,” mpimaji alisema. “Nilidhani ni mafundi wa bomba.”

“Nyuma ya ukuta huu kuna nini?”

Daktari ndiye aliyejibu. “Wodi ya zamani. Haitumiki tangu mwaka juzi. Mlango wake una springi, ukiusukuma unafunguka halafu unajifunga wenyewe, na kitasa cha ndani kiling’olewa. Walinzi walisema wamepita wakaukuta umefungwa.”

“Umefungwa, ndiyo. Wakaridhika.” Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni. Alimgeukia mpimaji. “Mzee alipouliza choo, ulimwelekezaje? Nipe maneno yako yaleyale.”

“Nilimwambia afuate mstari wa bluu.”

Daktari alifumba macho. Mpimaji alitazama sakafu ya korido, pale mstari wa bluu ulipoanzia mlangoni pake, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeona mkono wake umekatika kabla maumivu hayajafika. Miaka mitatu alikuwa akipima watu wasioweza kutazama chini, siku ikaja akamwambia mmoja wao atazame chini.

Inspekta alitoka. Alisimama pale mzee aliposimama, akainua kidevu, akajikataza sakafu. Mara korido ikawa korido nyingine. Mistari yote ilitoweka. Zilibaki taa, mabomba, vichwa vya milango. Na kulia, umbali wa hatua kumi, kibao cha kale kilichoning’inia kwa mnyororo mmoja. Rangi yake ilikuwa imebanduka lakini herufi zilisomeka. CHOO, na mshale. Tangu mchana alikuwa amepita chini yake zaidi ya mara tano.

Aliufuata mshale bila kushusha uso, mkono mmoja ukutani, akijikwaa kwenye ndoo ya mfagizi. Mshale ulimfikisha kwenye mlango wa kijivu. Aliusukuma kwa bega, ukakubali, na mguu wake uliofuata haukukuta kitu. Aliudaka mwimo wa mlango kwa vidole vyote. Chini yake palikuwa na ngazi tatu ambazo hata yeye hakuziona.

“Shikeni mlango huu!” alipiga kelele. “Usifungwe!”

Mzee alikuwa chini ya ngazi, kando ya ukuta, amelala ubavu. Ubavu, si chali. Inspekta aliyashika maneno hayo kama dua. Kofia ilikuwa mbali, mguu mmoja umekaa mkao ambao mguu haukai. Ngumi yake ilikuwa imechubuka vifundo, na kwenye ukuta wa krimu palikuwa na alama za damu iliyokauka, zote mahali pamoja. Inspekta alilala tumbo sakafuni ili uso wake uwe mbele ya uso wa mzee, pale macho yale yalipoweza kufika.

“Baba. Baba, unanisikia? Mimi ni polisi. Tumekuja.”

Midomo ilitembea. Ilichukua muda, lakini sauti ikatoka.

“Samahani, mama. Choo sijakiona.”

Inspekta hakuwa mtu wa kulia kazini. Akajikuta anamfuta mzee mate kwa kiganja chake, anasema, “Usijali, baba, usijali kabisa,” na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Daktari aliteremka na wauguzi wawili na machela. Alimsikiliza kifua, akamshika shingo, akamwambia Inspekta kwa kichwa kwamba yuko hai, ila kwa taabu. Mguu umevunjika pajani, maji yamemwishia mwilini. Walihitaji mtu wa nne wa kubeba. Kabla mtu hajaitwa, mpimaji alikuwa ameshashuka na kushika mti wa mbele. Inspekta alimwacha. Pingu zingesubiri ngazi tatu.

Walipotokeza koridoni binti alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi. Alianguka kwenye machela, akamkumbatia baba yake kichwa, akamwita majina ya nyumbani ambayo hayakumhusu mtu mwingine. Mzee alijaribu kumtazama akashindwa kushusha macho, basi binti akasogeza uso wake juu, mpaka wakaonana.

Kisha binti aliinuka. Mtu aliyekuwa karibu naye ni mpimaji, shati limelowa jasho, damu ya mzee kwenye mkono wa shati. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Kaka yangu, Mungu akubariki. Akulipe mema. Umenirudishia baba.”

Inspekta alifungua kinywa. Mpimaji akamtangulia.

“Dada, usinishukuru. Nilimsikia akigonga. Nilikuwa kwenye mashine, najipima kwa namba yake. Aligonga mara tatu, nikaendelea.”

Wauguzi walisimama na machela yao. Daktari akawahimiza, twendeni, twendeni, wakaanza kusogea na mzee. Binti hakuwafuata wala hakuuachia ule mkono. Aliubana zaidi. Alimtazama mpimaji juu kule uso wake ulikokuwa, akauliza swali ambalo Inspekta, pamoja na ukupe wake wote, hakuwa ameliuliza.

“Katika hizo mara tatu, ni ya ngapi ndiyo ulijua ni yeye?”

Kijana alitazama mikono iliyomshika.

“Ya kwanza,” alisema.